Bi Tabu na Chaki za Aina Mbili

Bi Tabu Khalfani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya samani hapa Kiwalani kwa miaka ishirini na tisa. Kuanzia Jumatatu tutafanya kazi bila Tabu, na hapo ndipo tabu yetu itakapoanza.

Aliingia kama mpiga msasa, akahamia kwenye kuunga makabati, na mwishowe akakabidhiwa stoo ya zana pamoja na drili zote. Mjini hapa kumpiga mtu biti ni kumtisha. Bi Tabu alikuwa na biti za aina zote mbili, za chuma za kutobolea na za mdomo, na hatukumbuki hata moja iliyokuwa butu.

Sheria yake ilikuwa moja: biti isicheze. Kile kichwa cha drili kinachoishika biti, ambacho mafundi tunakiita chaki, kina matundu matatu ya ufunguo. Fundi mwenye haraka hukaza tundu moja akaanza kutoboa. Bi Tabu alitaka drili ichomolewe kwanza kwenye umeme, biti ifutwe mafuta, isimame katikati ya meno, kisha ufunguo upite matundu yote matatu. Mbwana, fundi wetu wa vitanda, alilalamika siku moja kwamba hata udhu hautiwi kwa uangalifu namna hii. Bi Tabu hakuinua hata uso. "Udhu ukikutenguka unatia mwingine," alimwambia. "Jicho likikutoka utatia lipi?"

Mbwana huyohuyo ndiye aliyesahau ufunguo kwenye chaki akawasha mashine. Ufunguo uliruka, ukapita dirishani, ukatua kwenye sufuria ya maharage ya mama lishe wetu. Tuliutafuta asubuhi nzima, na tulijua ulipo wakati wa chakula, pale mwandishi wa wasifu huu alipoung'ata. Tangu siku hiyo Bi Tabu aliufunga kwa kipande cha khanga kwenye waya wa drili, jirani kabisa na plagi, ili anayeutaka alazimike kuchomoa plagi kwanza. Khanga ile ilikuwa na jina lake refu, ila kwenye kipande kilichobaki linasomeka neno moja tu: SUBIRA.

Lakini habari ya Bi Tabu haijakamilika bila ile ya chaki.

Mwaka 2008 bosi wetu Akbar alikuwa akimwozesha dada yake, Ummulbanin, na sisi tulipewa makabati ya jiko la bibi harusi, kule Kinondoni. Katikati ya kazi, chaki ya drili kubwa ikachoka. Biti ikawa inateleza ndani yake, mara inazunguka bure, mara inaanguka chini. Bi Tabu akamwagiza mnunuzi wetu mpya, Marselino, akimbie Kariakoo akalete chaki. Marselino alikuwa ndiyo kwanza anaingia mjini kutoka Mahenge, alikokuwa akifundisha darasa la pili kwa kujitolea. Jioni alirudi na tabasamu, na katoni nzima begani. Chaki za ubaoni, nyeupe na za rangi.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akbar hakucheka. Harusi ilikuwa keshokutwa, Ijumaa, na siku ya katikati, Alhamisi, ilikuwa Mei Mosi, maduka ya vipuri yamefungwa. "Sasa na hizi tumfundishe nani?" aliuliza, kisha akamwambia Marselino asirudi tena. Marselino alikuwa na mke aliyejifungua wiki ileile, kwenye chumba cha kupanga Mbagala. Alibaki ameikumbatia katoni, na sisi kicheko kikatuisha.

Bi Tabu alikwenda akaipokea ile katoni. "Nilisema chaki, kaleta chaki. Mie ndo nilomwagiza," alimwambia bosi. "Makabati yakisimama kabla ya harusi, huyu anabaki."

Mei Mosi, wenzetu wakiwa kwenye maandamano, Bi Tabu alikuwa jikoni kwa bibi harusi. Alikaza matundu matatu, akachukua chaki nyekundu ya Marselino, akachora mstari mmoja kuanzia kwenye biti hadi kwenye chaki ya chuma. Mstari ukikatika, maana yake biti imeteleza: zima, chomoa, kaza upya. Alitoboa, akatazama, akakaza. Kazi ya asubuhi moja ilikula siku nzima, lakini makabati yalisimama na yamesimama hadi leo. Siku ya harusi Akbar alituletea biriani, na sahani ya kwanza akampa Marselino.

Tangu hapo hakuna drili iliyotoka stoo bila mstari wa chaki, hata hizi mpya zinazokazwa kwa mkono. Ile drili kubwa bado ipo, na chaki yake ileile iliyochoka, kwa sababu Bi Tabu hakuagiza nyingine kamwe. Tulidhani ni ubahili. Miaka ilipita ndipo tukang'amua kwamba angeagiza chaki tena, kuna mtu angechekwa upya. Tulipolijua hilo tulimpenda zaidi, ingawa hatukumwambia, kwa kuogopa biti.

Leo Marselino ndiye mkuu wa manunuzi. Karakana imeamua kwamba drili kubwa iende nyumbani na mwenyewe, na Marselino ameomba atoe zawadi ya mwisho kwa mkono wake. Ni boksi dogo, zito kuliko linavyoonekana. Tumechungulia. Ni chaki, na safari hii ni ya chuma.

Bi Tabu, asante kwa macho yetu, ambayo kila mmoja wetu bado anayo mawili. Nenda kapumzike, tunakutakia maisha mema, na kila ulichokikaza kisilegee.