Bi. Tsiala na Jina la Koti Letu

Bi. Tsiala Khutsishvili amestaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Kamusi, hapa Tbilisi, kwa miaka thelathini na minane. Mhariri wa jarida ameniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nimekasirika na sioni haya kusema.

Alianza kama mpiga taipu. Kisha akapewa neno moja, chokha, lile koti refu wanalovaa wanaume wetu harusini, atafute lilikotoka. Akalifuata milimani, kwa makabila jirani, miaka na miaka. Kwa Walezgi, kwa Wachecheni, kwa Waosetia, kote aliambiwa, "Mama, hilo neno letu, hao wengine wezi tu," kisha akalishwa mpaka akashindwa kuinuka. Alirudi na jibu: neno lilikuja na wafanyabiashara kutoka kusini, likiwa jina la kitambaa tu, na kila jirani akaliita koti lake kwa jina hilo.

Mwaka huu Mkurugenzi wetu, Bwana Avtandil Lomsadze, akaukata wote ukurasa ambao Bi. Tsiala aliandika kuhusu neno hilo. Akaweka mstari mmoja: neno letu la asili.

"Watu hawataki kuambiwa babu zao waliazima," alisema.

"Koti ni letu, mwanangu," Bi. Tsiala akamjibu. "Jina tuliazima, na si aibu."

Hakusikilizwa. Akaomba jina lake lifutwe kwenye kamusi, na likafutwa siku hiyohiyo, bila hata pole. Shukrani ya punda ni mateke.

Ijumaa tukamwandalia karamu. Mkurugenzi, ndani ya chokha mpya, ndiye aliyeongoza meza. Nanyi mnaijua desturi: kiongozi akishamkabidhi mtu zamu ya kusema, hamkatizi, na kila watu wakitakiwa heri, yeye hutangulia kumaliza glasi yake ya divai. Akamkabidhi Bi. Tsiala, akitegemea ahsante mbili tatu.

Bibi akasimama, akausema ukurasa wake mzima bila karatasi, na kila kundi alilolitaja akaliinulia glasi. Mkurugenzi akanywa kwa Walezgi. Akanywa kwa Wachecheni. Tulipofika kwa wale wafanyabiashara, alikuwa ameshafungua koti na kuiweka glasi mezani.

"Kunywa, mwanangu," bibi akamhimiza. "Hao ndio waliokuvisha."

Akanywa.

Kamusi imetoka bila jina la bibi wala ukurasa wake. Bi. Tsiala, ahsante kwa yote, na uzee wako uwe wa raha. Sisi tuliobaki tutaudai ukurasa wako mpaka urudi, na jina lako chini yake.