Maisha ya Mama Hodi, Aliyebisha Kwenye Miti

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kulia pamoja nasi, sisi watoto wa kaka zake tumepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Hodi. Tunaomba mtusikilize kwa utulivu hadi mwisho, kwa sababu yamo mambo ambayo hayajawahi kusemwa hadharani, na yanasomwa leo kwa ruhusa ya mume wake, aliyeketi hapa mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu wa mwendesha msumeno, mtu mkali aliyepoteza vidole viwili kazini na aliyewachapa wanawe kwa mkanda wa mashine. Bibi yake mzaa mama, mganga wa mitishamba, ndiye aliyemfundisha kwamba kila mmea una mwenyewe ndani yake, na kwamba mtu hachimbi mzizi kabla ya kusimama mbele ya mmea, kubisha hodi, kufikicha jani na kulinusa, kisha kusema shida iliyomleta. Baba yake alipomkuta uani akiyabishia hodi magogo yaliyokuwa yakisubiri kupasuliwa, alimchapa mpaka akachoka, akamwambia, "Haya, waite hao wenzako waje wakutetee."

Alianza shule ya msingi Januari 1959. Siku moja alichelewa, akatumwa nje akavunje mwenyewe fimbo ya kuchapiwa, akarudi mikono mitupu.

"Fimbo iko wapi?"

"Amekataa, mwalimu."

"Nani amekataa?"

"Mwenye mti."

Darasa zima lilicheka, naye akapigwa kwa rula ya chuma hadi vifundo vya vidole vikatoka damu, na tangu siku hiyo wenzake wakamwita Hodi, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Mwaka 1970 alifungua chumba chake cha dawa, chenye sakafu ya saruji na rafu alizogongelea mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyotupwa na kiwanda, na juu yake makopo ya maziwa yaliyojaa magome na mizizi. Wagonjwa wake wengine walikuwa wageni kutoka mbali, naye aliwauliza habari za waganga wa kwao zaidi ya walivyomuuliza habari za maradhi yao. Mmoja alimweleza kwamba kwao watu huacha tumbaku kwenye shina kabla ya kuchuma, na mwingine kwamba mganga wao humwimbia mmea mpaka aoteshwe usiku kazi ya mmea huo, na shangazi alicheka kwa furaha, akasema, "Kumbe wote tunagonga mlango mmoja."

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na fundi msumeno wa kiwanda kilekile, aliyewatangazia wageni kwamba yeye anaiua miti na mkewe anaiamkia, kwa hiyo nyumbani kwao hapatakosa maneno. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni fundi umeme.

Tarehe 22 Mei 1988 marehemu alikuwa kitandani, hajiwezi kwa homa, alipofika jirani yetu mwenye bucha kuomba dawa ya tumbo la mtoto wake wa kike. Mume wa marehemu alitoka na jembe kwenda kuchimba mzizi, lakini majirani walikuwa wamesimama barazani wakitazama mvua, akaona haya kusema na mmea mbele ya watu, hivyo hakubisha, hakufikicha jani, akachimba mmea mwingine unaofanana na ule kwa kila kitu isipokuwa harufu. Aliuchemsha mwenyewe, akampa mwenye bucha kama dawa aliyoelekezwa na mkewe, na mtoto akafa kabla ya jioni.

Watu walikuja na mapanga, mawe na mafuta ya taa. Walivunja mlango, wakachoma rafu zote, wakamburuta marehemu kwa nywele hadi barabarani, wakimwita mchawi, wakimpiga mateke ya tumbo na mawe ya mgongo, na walipomuuliza kama yeye ndiye aliyeelekeza dawa ile, alijibu, "Imetoka nyumbani kwangu." Mwenye bucha aliuweka mkono wa kulia wa marehemu juu ya jiwe la kufulia, akaukata kwa shoka la kukatia mifupa. Mumewe alikuwa nyuma ya pipa la maji, akisikia.

Marehemu alipotoka hospitali aliona majani yaliyobaki kando ya sufuria, akayanusa, akamwambia mumewe, "Hukubisha." Hakulirudia neno hilo. Binti yake alipokuja kuujua ukweli na kumuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Baba yenu wangemkata shingo, mwanangu. Mimi wamenikata mkono tu." Akaendelea na kazi kwa mkono wa kushoto, huku watu wa mtaa mzima wakiwakataza watoto wao kupita mlangoni kwake.

Mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na saratani ya koo, na tarehe 3 Februari 2021 akalazwa. Hapo mumewe hakuvumilia tena, akamwita mwenye bucha wodini, akamweleza yote. Mwenye bucha alimkamata shati, akampiga ngumi hadi meno yakadondoka sakafuni, na wauguzi walipokuwa wakihangaika kuwaachanisha, sauti ndogo ilitoka kitandani, "Baba wa bucha, ukimaliza kumpiga mume wangu, nipe maji."

Alimpa maji, akapiga magoti, akamuuliza amlipe nini. Marehemu akamjibu, "Utanichimbia kaburi. Mizizi utakayoikuta, usiikate kama ulivyonikata mimi."

Aliaga dunia tarehe 11 Juni 2021, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wa kiwanda waliotengeneza jeneza. Tunamshukuru pia mwenye bucha, ambaye leo asubuhi, mbele ya watu wote, aliweka jembe chini, akausogelea mti ulio kichwani mwa kaburi, akafikicha jani, akalinusa, akasema hodi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, ndipo akachimba.

Pumzika kwa amani, shangazi. Huko ulikofika umebisha, na tunaamini umeitikiwa karibu.