Kishindo cha Injini ya Damari

Kijiwe cha Shelui kiko pale malori yanapopumzikia, na benchi lake ni mbao za tela lililokufa. Asubuhi hiyo Mzee Antipasi alishika kikombe lakini kahawa haikushuka. Kesho ni safari yake ya kwanza ya ndege, Mwanza hadi Dar. Tiketi kakatiwa na bintiye Damari, fundi wa injini za ndege. Tatizo, jana binti kamsimulia kwenye simu jinsi injini ilivyopiga kishindo wakiijaribu, ndege imesimama. Sasa mzee anatafuta namna ya kusema haendi, bila mtoto kudhani baba haiamini mikono yake.

— Kishindo cha nini? akauliza Turbo, dereva mstaafu wa Fuso, mzee alipowadokezea.

— Upepo ulipiga ubavuni, akajibu Antipasi. Hewa ikajaa upande mmoja wa mdomo wa injini, upande wa pili ikapwaya. Mapanga ya ndani yanataka hewa iliyo sawa. Yalipoikosa, injini ikacheua.

— Filta hiyo! Ipulizwe tu.

— Turbo, ile si Fuso, akasema Katibu, ambaye hajawahi kuwa katibu wa kitu chochote. Dawa ni ungo. Wafunge ungo mkubwa mdomoni, hewa ipepetwe kwanza.

— Utamezwa huo ungo!

— Basi rubani aruke kinyumenyume, upepo umchape mgongoni.

— Na mzee wetu akae wapi?

— Upande wenye hewa nyingi. Ila anywe uji mzito, ndege isiyumbe.

Antipasi akacheka, kikombe bado kimejaa. Walikuwa wanampenda, na walikuwa wanammaliza.

Mama mmoja, Agripina, aliyekuwa akingoja basi na tenga lake la kuku, akasogea.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimewasikia toka pale. Injini ilipopiga kishindo, huyo binti na wenzake walifanyaje?

Turbo akamtazama Katibu. Katibu akamtazama Antipasi.

— Sijui, akasema mzee. Nilikata simu.

Akaitoa mfukoni, akapiga, akaongeza sauti.

— Shikamoo baba!

— Marahaba, mwanangu. Ile injini ilicheua, halafu?

— Tukapunguza moto, ikatulia. Tukaigeuza ndege iuelekee upepo, tukaikagua, tukaiwasha tena. Ikanguruma vizuri kabisa. Kwani jana ulikata kwa sababu hiyo?

— Chaji iliisha.

Benchi zima likageukia barabarani.

— Kwa hiyo unakuja, baba?

— Nivae shati jeupe au la bluu?