Neno la Mzee Hafifu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kukalia viti ambavyo havijauzwa, mkaguzi wa karakana yetu ya samani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake lipo kwenye mafaili. Sisi tunamwita Mzee Hafifu, na anaitika.

Alianza kwa kupiga msasa. Alipopewa ukaguzi alibuni kipimo chake mwenyewe: anakalia kiti, anaweka kikombe cha chai kilichojaa juu ya paja, anajigeuza kushoto na kulia. Chai ikimwagika, anainuka, anapindua kiti na kuandika kwa chaki: HAFIFU. Suruali zake zote zina madoa, na kila doa lina fundi wake.

Neno hilo alilitunza kama mboni ya jicho. Kibovu, alitufundisha, kinajitangaza chenyewe, hakihitaji mkaguzi. Hafifu ni kile kinachong'aa dukani, kisha kinakuumbua mbele ya wakwe. Tukalizoea mpaka tukawa tunalitumia kwa chai ya kantini, mapumziko ya dakika kumi na hotuba za meneja. Yeye mwenyewe aliwahi kulitamka nyumbani kuhusu mchuzi, akala mkate mkavu wiki nzima.

Siku moja tu alilikataa. Nilikuwa fundi mgeni, na viti vyangu sita vya kwanza vyote vilikula chaki. Meneja akajaza fomu ya kuniachisha kazi, sababu: "mfanyakazi hafifu." Ilibaki saini ya mkaguzi. Mzee aliisoma, akairudisha bila saini. Alimwambia meneja kwamba neno hilo ni la vitu. Mtu hapewi, maana anaweza kujifunza. Kisha akaja kwenye meza yangu ya kazi, akaweka kikombe juu yake. Kikateleza taratibu mpaka ukingoni, kikaanguka. Meza ilikuwa imeinama tangu kabla sijaajiriwa, na kila nilichopimia hapo kilitoka upande. Akaiandika meza HAFIFU kwa herufi kubwa, na meneja mwenyewe akaambiwa ashike kona tuinyooshe.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mzee wetu, karakana nzima inakushukuru kwa ukali wako, na inakutakia afya njema na siku nyingi za kukaa bila kukagua. Mimi nakuongezea langu: wanangu wanajua baba yao ni fundi, kwa sababu siku ile ulikataa kusaini.