Sista Maximilla na Masikio ya Wachanga wa Kibondo

Mwaka 2021 ilitangazwa rasmi, mbele ya watumishi na wananchi waliosimama juani, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto mchanga atakayeruhusiwa kutoka wodi yetu ya wazazi, hapa Kibondo, bila kupimwa usikivu. Tangazo lilipigiwa makofi. Utekelezaji akakabidhiwa marehemu.

Maximilla Ntahondi alizaliwa Titye, wilayani Kasulu, tarehe 9 Mei 1968, kwa wakulima wa maharage. Alisoma hukohuko, kisha sekondari mjini Kasulu, akahitimu uuguzi na ukunga mwaka 1991. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Nicodemus, aliyeletwa Kibondo kikazi kwa mwaka mmoja na hajaondoka mpaka leo.

Kifaa cha kupimia, chenye kizibo laini cha kuingiza sikioni mwa mtoto aliyelala, hutaka ukimya. Wodi haina ukimya. Kina bibi walipiga vigelegele hadi dirishani, na marehemu aliwatoa nje kwa upole, akisema mjukuu hajakataa kushangiliwa, anaomba nusu saa tu. Waliofundishwa kukitumia walikuwa watatu. Wawili walihamishwa wino wa vyeti haujakauka. Akabaki yeye, ndani ya zamu na nje ya zamu.

Mwaka 2022 binti wa Badru, mwenye duka sokoni, alipimwa, na masikio yote mawili hayakuitikia. Badru alichukia. Alisema yeye mwenyewe alimwadhinia mtoto sikioni, mtoto akatulia, kwa hiyo amesikia. Marehemu alijua kuwa mtoto asiyesikia akicheleweshwa, lugha humpita. Hakubishana. Kila Jumamosi alikwenda dukani kununua sabuni, na nguo za familia hii hazikuwa nyingi kiasi hicho. Mwishowe Badru akamwuliza, "Sista, hii sabuni mnakula?"

"Baba Yasmini, mpeleke mtoto Mwanza, mimi nitaacha kununua."

Akampeleka. Yasmini alivalishwa vifaa vya kusikilizia kabla hajatimiza mwaka. Leo yupo hapa, na tangu asubuhi ameambiwa mara kadhaa anyamaze.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2024. Alipoandikiwa mapumziko aliuliza nani atapima. Akajibiwa suala hilo linashughulikiwa. Alilazwa tarehe 3 Septemba 2025, akafariki alfajiri ya tarehe 21, amechoka.

Mungu amlaze penye utulivu, alioutafuta sana. Ameacha mume, watoto wawili, Asnath na Brighton, na mjukuu mmoja, Winnie, aliyezaliwa wodini humo Alhamisi iliyopita na kuruhusiwa kesho yake. Hajapimwa.