Damu ya Ufizi na Sheria ya Shimo

Kuna benchi moja Kasongo, nyuma kidogo ya soko, pale motard wanapongojea abiria juu ya moto zao, yaani pikipiki, lenye maneno mengi kuliko redio zote za Maniema zikifunguliwa pamoja. Mguu wake mmoja ni wa tofali, lakini limebeba wakubwa. Mama Emmanuella anauza hapo kahawa ya tangawizi, kali hata maiti angeomba kikombe cha pili. Na kati ya wote waliokalia benchi lile, hakuna aliyevuma kama Aganze, mnunuzi wa dhahabu, waliyemwita Mizani. Wenzake walipima kwa mashine na asidi. Yeye aliuma tu. Dhahabu ya kweli ni laini, inapokea alama ya jino. Ya uongo inalirudisha jino na aibu yake. Toka Wamaza mpaka Nyangwe watu waliapa kwa meno yale, na asiyeamini aende akaulize. Lakini asubuhi hii Mizani alikuwa anapuliza kahawa bila kuinywa. Meno mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yanacheza kama vigingi katika udongo wa masika.

— Unaiogopa kahawa, kaka? akauliza Clovis. Huyu walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kwa sababu zamani alikuwa mukubwa wa shimo la dhahabu kule Kabambare. Shimo liliisha, cheo kilibaki.

— Miye niko njiani kwenda hopitali, akasema Mizani. Yale mawili wanayatoa leo.

— Wanayatoa wapeleke wapi? akaruka Placide. Huyu ndiye Docteur Bila Dawa. Aliwahi kufagia farmasi, akatoka nayo kichwani. Akaendelea: Jino linacheza, mutu analitoa? Mutoto akicheza unamufukuza nyumbani? Wazee walisema, ukiona vyaelea vimeundwa!

— Hiyo methali inaingia wapi hapa, Placide? akauliza PDG.

— Inaingia. Ngoja tu utaona.

Mizani akashika shavu. Jana yake alikaa mbele ya mama mmoja wa miwani, docteur wa meno, akaonyeshwa kinywa chake katika kioo kidogo. Toka azaliwe hakuwahi kukiona hivyo. Kwenye shina la kila jino kulikuwa na kitu cha manjano, kigumu, kama chumvi iliyoganda kwenye mdomo wa chupa.

— Anakiita ukoga, akawaambia. Uchafu unalala kwenye meno, laini kama ugali wa jana. Usipouondoa unageuka jiwe. Jiwe linaingia chini ya ufizi, ufizi unavimba, unatoa damu, unaachana na jino. Na mfupa unaoshika jino unakwisha polepole. Hauumi hata. Unakwisha tu kimyakimya.

— Si ataweka dawa, mfupa uote? akauliza PDG.

— Nilimuuliza vile vile. Akasema ule uliokwisha haurudi.

Pale benchini kila mmoja alikuwa anajua ilianzia wapi. Miaka ya nyuma, mwaka mmoja wa mvua nyingi, Mizani alikuwa Wamaza, akapiga mswaki asubuhi, akatema mate mekundu. Akashtuka. Aliporudi Kasongo akaleta shauri hapa hapa. PDG ndiye aliyejibu, na alijibu kama mutu aliyezika wenzake: «Shimo likianza kutoa maji mekundu, unaweka chuma chini, unatoka. Unaacha udongo upumzike. Ukiendelea kuchimba, linakuangukia.» Sheria ile imeokoa watu wengi Kabambare. Nani angeikataa? Mizani akautupa mswaki chooni, akawa anasukutua maji tu. Na damu, kweli, ikapungua machoni! Akafurahi mpaka akawanunulia wote kahawa, wakampigia PDG makofi.

— Nilimueleza yule mama sheria ya shimo, akasema Mizani taratibu.

— Alisema nini? PDG akauliza, macho kwenye kikombe.

— Hakucheka. Alisema: «Papa, kinywani iko kinyume. Damu ilitoka kwa sababu kifusi kilibaki ndani. Ile ndiyo ilikuwa saa ya kusafisha zaidi, kwa mswaki laini, polepole, mpaka kwenye ukingo wa ufizi, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ungesafisha vizuri, damu ingeacha yenyewe. Isipoacha, unakuja.» Akanitazama sana. Akasema: «Ungekuja mwaka ule, ningekwangua jiwe tu, ungerudi na meno yako yote.»

Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu usiku kucha lilikuwa limelala naye kitanda kimoja.

— Wanawake wa miwani! akasema Docteur Bila Dawa, maana kimya kilimuuma kuliko jino. Miye nitakuambia ukweli. Ni ile antena kule kilimani. Toka waisimamishe, meno ya watu yanatikisika. Simu yenyewe inatetemeka mufukoni, sembuse jino?

— Na bibi yangu, aliyebaki na meno mawili kabla hata umeme haujafika? akauliza Mama Emmanuella.

— Antena ilikuwa inakuja, mama. Réseau, huo mtandao wa simu, inatuma roho yake mbele.

— Antena ni kitu kidogo, akasema PDG, akajinyoosha kama anayepanda jukwaa. Sikiliza, Mizani. Miaka yote unauma dhahabu. Dhahabu iko na wenyewe chini. Wewe unauma mali ya mizimu, na mizimu inakuuma! Inakuvuta meno, moja moja, inayapeleka chini. Haba na haba hujaza kibaba. Siku moja watachimba Kabambare, watakuta mulima wa meno meupe, na itakuja kampuni ya wazungu kuyanunua.

— Basi yangu yanunuliwe bei nzuri, akasema Mizani, akacheka kwa midomo iliyofungwa.

— Dawa iko! Docteur akampiga bega. Maji ya batri, tone moja tu kwenye shina. Dawa ya moto ni moto.

— Maji ya batri yalitoboa suruali yako, Placide. Yalipita mpaka paja, akasema Mama Emmanuella.

— Lakini lile paja liliwahi kuumwa meno?

Mizani akatoa sigara mufukoni, akaikumbuka miwani ya yule mama. Hata hii alimwambia aiache. Moshi unaficha damu na kuharakisha mfupa kwisha. Akairudisha. Meno mengine, alisema yule mama, yanaweza kubaki kama atakubali kukwanguliwa na kuyatunza kila siku. Hakuahidi. Alisema yanaweza.

Moto ya motard mmoja ikasimama mbele ya benchi. Akashuka mwanamke aliyepakwa vumbi jekundu mpaka kope.

— Jambo, wababa. Mimi ni Kavira, ninatoka Kabambare. Natafuta papa Mizani, ule wa meno.

Benchi zima likamuonyesha kwa vidole. Kavira akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kijipande cha manjano kama punje ya maharagwe.

— Nimeosha mchanga mwenyewe, papa, mpaka mikono ikachubuka. Kule mnunuzi mmoja aliniambia ni shaba. Nikasema hapana, nitafika kwa meno ya Mizani.

Mkono wa Mizani ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Akakiweka kijipande kati ya meno, akabana. Jino likalala upande kama mlevi. Maumivu yakampanda mpaka sikioni. Alipokitoa, hakikuwa na alama yoyote. Kilikuwa na damu tu. Akakifuta kwa shati lake vizuri, akakirudisha katika kiganja cha mwanamke.

— Nenda kwa Fidèle, mama, pale kwenye mlango wa buluu. Iko na mashine.

— Lakini waliniambia meno yako hayadanganyiki.

— Walikuambia ya zamani.

— Yamepatwa na nini?

Wakamjibu wote pamoja: antena, mizimu, mulima wa meno, réseau inayotuma roho. Kavira aliwasikiliza kwa adabu mpaka wakachoka. Kisha akatazama ukuta wa kiduka kilichopakana na benchi, nyuma ya kichwa cha Docteur, pale miswaki ilikoning'inia, ya rangi zote, katika karatasi zake.

— Kwani hapa Kasongo watu hawanunui hii? akauliza.

Hakuna aliyegeuka kutazama. Mama Emmanuella alishika birika hewani, akasahau kumimina.

Mizani akaweka chini kikombe kilichojaa, akapanda ile moto aliyoshuka Kavira. Walipoanza kuondoka akageuza shingo kuliangalia benchi. PDG alikuwa ameinama, ametema mate mekundu mavumbini. Aliyatazama kidogo. Kisha akatazama kushoto na kulia, akayafukia haraka kwa kandambili.

Mizani akafungua kinywa amuite. Moto ikaruka shimo la barabara, naye akakifunga, akiyashika meno yake kwa ulimi ili yafike hopitali.