Mtoto wa Ndugu Yangu Alikuwa Amesimama

Habari zenu, walezi wenzangu. Msinipigie makofi kabla hamjanisikia. Wengi hapa Khayega mnaniita mama mwenye huruma, na huruma yenyewe mimi ndiye naijua.

Ndugu yangu na mkewe walipofariki, waliacha wasichana wawili. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo minne, tena wa kuugua-ugua. Mimi ni shangazi yao, senje wao. Nilimchukua mkubwa. Nasema ukweli mbele ya Mungu: nilimchukua kwa sababu angeteka maji na kunishikia mtoto. Mdogo nilisema simwezi. Afisa wa watoto akampeleka Malava kwa mama mmoja wa Kiislamu anayeuza nguo sokoni, mtu ambaye si ndugu yetu hata wa mbali. Nikaanza kulia kila mahali kwamba damu yetu imepotea. Wangu, nilikuwanga najisifu, yuko kwa jamaa yake.

Na kweli hakunisumbua. Haombi, hajibu, hata akiumwa hasemi. Mwalimu akaniita, akaniambia mtoto haongei darasani na masomo yameshuka. Nikasema ni mpole tu, kama babake.

Baada ya miaka mitatu yule mama akamleta mdogo amwone dadake. Mtoto akanisalimia kwa Kiisukha safi! Nilishika mdomo. Kumbe mama huyo, ambaye lugha yetu haijui, alimtafutia bibi jirani wa kuongea naye kila wiki, asije akawasahau watu wake.

Jirani Mwislamu akatuchinjia kuku, ili mgeni wetu naye aweze kula. Chakula kilipoiva, mdogo akajitupa kwenye kiti, akauliza nyama yake iko wapi. Mkubwa akatunawisha mmoja mmoja, kisha akarudi kusimama mlangoni na jagi, kama kawaida. Kama kawaida, nawaambia! Miaka mitatu nilikuwa namtazama bila kumwona. Mdogo akashuka kitini, akamnyang'anya jagi.

"Dada, na wewe kaa. Lete mikono."

Mkubwa akanitazama mimi kwanza, kuomba ruhusa.

Ndugu zangu, hebu oneni. Aliyelelewa na mgeni ameketi kama mwana wa nyumba, na wa damu yangu amesimama kama mfanyakazi! Na aliyenionyesha ni mtoto wa miaka saba. Mpaka leo nikikumbuka naogopa, maana najua ni Mungu aliyemtuma. Nikasema, "Kaa, mama," nikamvutia kiti.

Nikimsindikiza yule mama, nilimwuliza alifanyaje. Hakunicheka.

"Dada, hata mimi sikujua. Nilimuuliza tu kila jioni amecheza nini. Wewe muulize, hata asipojibu."

Niliuliza miezi mingi, nikajibiwa kimya.

Namshukuru mama huyo, ambaye sasa humleta mdogo kila mwezi wasichana wakae pamoja. Namshukuru mwalimu, na nyinyi mlionivumilia siku nilipokuja hapa nikalia tu. Sisemi jamaa ni wabaya. Wengi wenu mnalea watoto wa ndugu zenu vizuri kuliko mimi. Nasema undugu peke yake haumlei mtoto. Lazima mtu aamue kumpenda.

Juzi nilimwambia mkubwa aoshe vyombo. Akanijibu, mdomo juu: "Senje, leo nimechoka. Si uoshe wewe?"

Amenijibu! Kama mtoto yeyote kwao! Nikaviosha vyote, ndugu zangu, huku nikilia kwa furaha.